Koki ya Gesi Niliyokataa Kuifungua

Jengo lilikuwa la shirika la umma kabla halijauzwa. Tajiri aliyelinunua alilipaka rangi, akageuza ofisi za juu kuwa gesti, chini akafungua hoteli ya chakula. Mimi nilikuwa karani wa shirika. Akanibakiza kama msimamizi. Mitungi ya gesi ilikaa uani ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli, na bomba lake lilipita ndani ya ukuta, chini ya ngazi, hadi jikoni.

Siku niliyosikia harufu ngazini nilidhani ni mayai yaliyooza. Iliporudi kesho yake, nilifunga koki kwenye mitungi, nikafunga kizimba, nikaita mkaguzi bila kumuuliza mtu. Alijaza hewa kwenye bomba, akaweka kipimo, tukasimama kuangalia mshale ukishuka. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote yaliyo wazi. Hakuna lililotoa mapovu.

"Basi linavujia ukutani," akasema. "Msifungue mpaka mmeweka jipya, lipite nje linakoonekana, na mimi nirudi kulipima."

Tajiri alikuja Jumamosi, siku ya sendofu ya kumuaga binti wa dada yake kabla ya harusi. Sherehe ilikuwa palepale hotelini.

"Fungua gesi."

"Sifungui, bosi."

"Wageni wako njiani kutoka Dar. Huyo mkaguzi wako ndiye atakayewapikia?"

"Watakula. Gesi sifungui."

"Hili jengo nimelinunua mimi. Enzi zenu za shirika zimekwisha!"

"Jengo ni lako. Waliolala huko juu si wako."

Akanyoosha mkono nimpe ufunguo. Niliutumbukiza kifuani, ndani ya blauzi, nikamtazama usoni.

"Ukivunja kufuli," nikamwambia, "nagonga mlango mmoja mmoja, natoa kila mgeni barabarani, na namwambia kwa nini."

Wapangaji wawili wa gesti walikuwa wamesimama ngazini wanasikiliza. Akawaona. Akashusha mkono.

Mpishi wetu, mama wa Kiluguru kutoka Matombo, alitoka jikoni akijifunga kanga kiunoni. "Mwanangu, waambie walete kuni," akaniambia. "Pilau nimeanza kupika kabla sijaijua hiyo gesi." Tukaweka mafiga upande wa mbele, mbali kabisa na mitungi. Tulipika tukitoka machozi kwa moshi, watu wakala, wakaongeza. Tajiri alinipita siku nzima kama anayepita nguzo.

Jumatatu mafundi walivunja ukuta. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu pale lilipopita nyuma ya bafu. Wakaweka jipya, likapita nje. Mkaguzi akarudi kulipima, na safari hii mshale haukusogea. Siku hiyohiyo tajiri akaniachisha kazi.

"Mtu anayenibishia mbele ya wapangaji simwezi," akasema.

"Sawa," nikajibu. Sikumwomba anifikirie.

Msimamizi mpya alikuwa ndugu yake, kijana mpole. Nilimzungusha jengo zima, nikamwonyesha kila koki na jinsi ya kuifunga. Tajiri alisimama mlangoni. Nikapaza sauti makusudi.

"Wakikuambia ufungue gesi kabla bomba halijapimwa, kataa. Hata akikuambia huyu."

Kijana akainama, anaona aibu kwa niaba yetu sote. Nikachukua mkoba wangu, nikamuaga mpishi wetu kwa mikono miwili, nikashika njia ya nyumbani, Mwembesongo.