Shati la Bakili na Mafuta ya Khasi

Mtaa mzima wa Sikukuu, pale Kariakoo, ulijua kwamba pua ya Bi Mwanamkuu haidanganywi. Mletee mafuta ya waridi yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, atakurudishia kichupa chako kabla hujamaliza kukisifia. Aliuza manukato kwenye baraza ya nyumba yao, na miongoni mwa vichupa vyote alichokionea fahari kilikuwa cha khasi, mafuta yanayokamuliwa kwenye mizizi ya nyasi ndefu za Bara Hindi. Ni mafuta mazito, ya rangi ya asali iliyokolea, na yananuka udongo uliopata mvua baada ya kiangazi. Aliyekosa usingizi alijipaka kidogo akatulia. Mizizi yake mikavu iliwekwa sandukuni ili nondo wasile nguo.

“Lakini kazi yake hasa ni kushika,” aliwaambia wateja. “Waridi peke yake halifiki adhuhuri. Litie khasi, utalala nalo.”

Mumewe, Bakili, fundi wa karakana katika mtaa wa Gerezani, hakutaka hata tone. Alinuka grisi, tumbaku na jasho, na alijitapa kwamba atanuka hivyo hivyo mpaka astaafu. Mwanamkuu alimsema kila siku, na kila siku alimsogelea.

Miaka ile ilikuwa ya kufunga mkanda. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni kwenye duka la ushirika, na wiki ile Mwanamkuu alipanga akarudi mikono mitupu. “Hilo shati lako hata mbuzi angelikimbia,” alimwambia Bakili. Bakili akacheka, akalitundika msumarini. Usiku homa ikampanda, na kabla ya Ijumaa walikuwa wamemzika.

Baada ya matanga alikuja Zamzam, dada yake marehemu, kukusanya nguo za kutolea sadaka kama ilivyo desturi. Kanzu zikaenda, suruali zikaenda, hata kofia. Shati la kazini halikuonekana. Mwanamkuu alikuwa amelikalia. Na nani atamlaumu? Ukimnyang'anya mtu mume, mwachie basi na jasho lake.

Tangu siku ya kifo Mwanamkuu alikuwa edani, miezi minne na siku kumi, ndani kwa ndani, bila wanja, bila hina, bila manukato. Meza ya barazani ilikunjwa. Kila baada ya sala ya alfajiri alilitoa shati chini ya godoro akaliweka usoni, na Bakili alikuwepo, mzima mzima. Ole wake lakini, pua yake ilikuwa ya kazi, haikujua kumdanganya hata mwenyewe. Tumbaku ilianza kutoweka. Grisi ikafuata. Likabaki jasho, nalo likawa linapungua, naye akawa anaogopa kunusa, kwa kuhisi kwamba kila pumzi anayovuta inammaliza mumewe.

Zamzam alimkuta siku moja ameshika kichupa cha khasi, cha mwisho, maana mizigo ya Bara Hindi ilikuwa haiji tena.

“Wifi! Mwenye eda na manukato?”

“Sijipaki, wifi. Nataka kulitia shati.”

“Shati gani?”

Akamwonyesha. Zamzam alilinusa, akakaa sakafuni kwa kishindo, akamlilia kaka yake.

“Linakwenda,” Mwanamkuu akasema. “Mwenyewe unanusa. Khasi inashika, hiyo ndiyo kazi yake. Italishika.”

Zamzam akampokonya kichupa. “Basi nitalitia mimi. Wewe usiguse, usije ukaharibu eda yako.” Akadondosha kwenye kosi, makwapani, kifuani, mpaka kichupa kikakauka. Wakalikunja pamoja na mizizi mikavu, wakalifungia sandukuni. Ufunguo Zamzam akaondoka nao, mpaka eda iishe. Mwanamkuu alilala vizuri usiku huo, akijua kuwa Bakili yuko mahali salama.

Siku ya kutoka eda alioga, akavaa khanga mpya, majirani wakapika pilau. Hakula. Alimwita Zamzam chumbani, wakafungua sanduku.

Harufu ilijaa chumba kizima, nzuri, ya mvua na mizizi. Mwanamkuu alizamisha uso kifuani mwa shati. Akahamia kosi. Akaligeuza ndani nje, akatafuta makwapani, kwenye mishono, kwenye pindo za mikono. Bakili hakuwemo. Mganga hajigangi: jambo alilowafundisha wasichana wangapi pale barazani, kwamba khasi hushika kilicho na nguvu na kilicho dhaifu hukimeza, lilikuwa limempotea siku alipolihitaji.

Zamzam alilichukua taratibu, akanusa, akatafuta neno la kumfariji.

“Linanukia vizuri, wifi,” alisema. “Linanukia kama wewe.”

Hapo Mwanamkuu alilia kilio ambacho hata siku ya msiba hakukilia, mpaka wapishi uani wakaacha miko yao. Siku ya maziko wanaume walimbeba Bakili kwenye jeneza wakamtoa nyumbani, na Mwanamkuu akasema ni kazi ya Mungu. Safari hii alikuwa amemtoa yeye, kwa mafuta yake mwenyewe.