Kiroboto, Mtu Asiyerudia Mstari

Mdogo wangu hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Anakunywa nusu mezani, robo dirishani, na iliyobaki utaikuta ukingoni mwa sinki imepoa. Mama ndiye aliyemwita Kiroboto alipokuwa bado anatambaa, kwa sababu ukimweka hapa unamkuta kule. Baadaye jina hilo liliandikwa kwenye mabango kwa herufi kubwa, na watu wakadhani amelitunga mwenyewe ili atishe. Sijui nani anatishwa na kiroboto.

Alianza kughani shuleni, wakati wa mapumziko. Vijana walisimama duara, mmoja akipiga mdundo kwa mdomo, wawili katikati wakirushiana mistari ya papo kwa papo. Hapo ndipo alipojiwekea sheria: mstari ukishasemwa umekufa, na maiti haipandishwi jukwaani. Akimsikia mwenzake anarudia mstari wa juzi, alimcheka mpaka yule mwenzake anaondoka mwenyewe. Mtoto alikuwa haambiliki, hasemezeki.

Studio ilimtesa. Prodyuza wake, mtu mwenye kitambi na subira nyingi, alimwomba aingize sauti ya pili juu ya ile ya kwanza ili wimbo uwe mzito, naye kila akirudia alisema maneno mengine. Wimbo mmoja tu ndio uliofaulu, tena kwa sababu alikuwa hajui kwamba mashine imeshawashwa. Ukapendwa kupita kiasi. Uliulizwa madukani, ulilia kwenye simu za watu benki, watoto waliucheza nje ya saluni yangu mpaka wateja wakalalamika. Kila alipopanda jukwaani watu walitaka huo huo, naye akawapa mwingine, mpya, wa hapo hapo. Mwanzoni walishangilia, kisha wakavumilia, mwishowe wakamzomea, na waandaaji wakaacha kupiga simu. Nilimwambia awaimbie wimbo wao wamwache apumue. Akanijibu kwamba yeye si redio.

Wakati huo huo mama alianza kusahau, na bandu bandu huisha gogo. Kwanza yalimtoka majina ya majirani, kisha njia ya sokoni, kisha mwaka aliofariki baba. Saluni yangu iko chumba cha mbele cha nyumba yetu, mama yuko chumba cha nyuma, kwa hiyo mzigo uliniangukia bila hata kikao cha ukoo. Majirani walinifariji kwamba ng'ombe haelemewi na nunduze. Sawa, lakini nundu hii ilikuwa ya ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa anarukaruka mjini.

Sisemi kwamba hakuja. Leo alikuja amenyoa nywele, akipotea wiki mbili anarudi amesuka, mara zina rangi ya shaba. Mara apite mlango wa uani akiiga sauti ya askari, mara apenyeze kichwa dirishani kama mchuuzi wa sufuria, ili amchekeshe mama. Zamani mama angecheka akashika mbavu. Sasa alimtazama kwa adabu, akamuuliza, "Wewe ni nani, baba?"

Kiroboto alijitia hamnazo, akatupa utani mwingine, akaondoka. Mimi mama alinijua, na si kwamba ananipenda zaidi; kila siku ya maisha yetu aliyependwa zaidi ni yeye. Ila mimi kila asubuhi naingia kwa mlango ule ule, navuta pazia, nasema maneno yale yale. Muuguzi wa zahanati alinieleza kwamba mama sasa anashika kinachorudi, na kinachobadilika kinampita. Nilipomfikishia Kiroboto habari hizo, akasema mama mzazi hahitaji kukaririshwa ili amjue mwanawe. Kisha akatoka. Nilikasirika hata nikaunguza nywele za mteja.

Siku moja mwongozaji wa tamthilia alimwona akizomewa, akapenda namna alivyosimama bila kuinamisha uso. Akampa nafasi ya baba aliyeitelekeza familia yake, anayerudi nyumbani kumwomba binti yake msamaha. Msusi wao alikuwa mgonjwa, nikaitwa mimi kumsuka msichana aliyeigiza binti, ndiyo maana niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa sebule ya kukodi, taa kali, nyaya zimetapakaa sakafuni. Kiroboto akaingia, akatupa funguo mezani, akasema maneno yaliyomfanya hata fundi wa taa afute macho. Mwongozaji akafurahi, akaagiza kamera ihamishiwe upande wa pili, warudie. Kiroboto akaja na maneno mengine, mazuri zaidi, na funguo akazitia mfukoni. Wakarudia tena. Safari hii akaketi. Mwangalizi wa mwendelezo, mama mmoja mfupi ambaye kazi yake ni kuhakikisha vipande vya picha vinashikana, akamweleza kwamba mtu hawezi kuanza sentensi amesimama, akamalizia nyingine amekaa. Kiroboto akamjibu kwamba kwake neno lililosemwa limekufa.

"Basi lifufue," yule mama akasema. "Huyu binti anakungoja na upande huu wa kamera. Ukimletea neno jingine, bado hujamwambia kitu."

Mwongozaji akaita mapumziko, akasema wazi kwamba ikishindikana siku hiyo atatafutwa mtu mwingine. Yule mama akamvuta Kiroboto pembeni, akamfundisha kufunga kila neno kwenye kitendo: shika kitasa, sema hili, vuta kiti, sema lile, keti, nyamaza. Nilimwona mdogo wangu akitokwa jasho, miguu ikimwasha, akitoka na kuingia, akitoka na kuingia. Jua lilikuwa limehama dirishani walipopata vipande vyao vyote.

Kesho yake aligonga mlango wa mama mara mbili, akaingia, akavuta kiti cha mbao hadi kando ya kitanda, akaketi, akasema, "Mama, ni mimi, Kiroboto wako. Nimerudi." Mama akamuuliza yeye ni nani. Akabaki kitini. Siku iliyofuata akaja vile vile: mlango, kiti, maneno, hata shati lile lile. Nywele akanikataza kuzigusa, kwa ajili ya tamthilia, alisema. Hapo nikawaka. Nilimvuta koridoni, nikamuuliza kama sasa amemfanya mama uwanja wa mazoezi.

"Mwanzoni ndiyo, dada," akasema. "Sasa sijui. Naogopa nikikosa siku moja itabidi nianze upya."

Namjua anapodanganya, na siku hiyo hakudanganya. Tamthilia iliisha kurekodiwa, naye akaendelea kuja, na nywele bado sikuruhusiwa kuzigusa. Haikuwa rahisi kwake. Muda wote goti lilimchezacheza, vidole vikipiga mdundo pajani, na akitoka pale alizunguka uani kama aliyefunguliwa kifungoni. Mama alimkaribisha vizuri, kama anavyokaribishwa mgeni, basi. Niliumia kwa ajili yake, jambo ambalo sikulitarajia.

Alasiri moja nilikuwa nakunja shuka chumbani, mama amelala. Kiroboto hakutaka kumwamsha, kwa hiyo hakugonga. Alisukuma mlango taratibu, akasogeza kiti chake kando ya kitanda, akaketi, akangoja. Mama alipofumbua macho na kukuta mtu yuko karibu hivyo na kitanda chake, alishtuka, akakunja uso.

"Ondoka hapo, baba," akamwambia. "Hapo anakaa mwanangu, Kiroboto. Anakuja sasa hivi."

Jina hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake kwa zaidi ya mwaka. Nikasimama na shuka mikononi, nikingoja mdogo wangu aseme kwamba Kiroboto ndiye yeye, au atupe utani, au alie. Hakufanya hata kimoja. Aliinuka, akamwomba mama radhi, akarudisha kiti ukutani, akatoka na kufunga mlango. Nilimsikia koridoni akivuta pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa inakatika.

Kisha akagonga mara mbili.

"Mfungulie," mama akaniambia, akijiweka sawa kitandani. "Ndiye huyo."