Dawa ya Kupaliwa

Juzi, kwenye duka la dawa hapa Mpanda, mama mmoja kutoka Usevya aliomba dawa ya kupaliwa. Mumewe, tangu apigwe na kiharusi, hata maji yanampalia.

"Mmeshajaribu nini?" muuzaji aliuliza.

"Tulipita kwa majirani wote, tukawaomba waache kumsema."

Nani wa kumcheka? Sote tumekua tukiambiwa kwamba ukipaliwa, kuna mtu anakusema.

Muuzaji alijigusa koo. "Mama, ni hapa pamelegea kwa kiharusi. Msimnyweshe kitu kwanza. Mpelekeni hospitali leo, wampime anavyomeza, wawafundishe na nyie namna ya kumlisha."

Mama naye akajigusa koo, akameza mate.

"Kwa hiyo majirani hawakuwa wanamsema?"

"Hawakuwa."

Akakaza kanga kiunoni. "Basi sasa ndiyo wanamsema."