Waliogonga Chini ya Kanisa la Sorrel

Delphia Combs alikuwa mwoga wa kumwomba Mungu. Si kwamba hakuomba. Aliomba kila kukicha, ila aliomba kama maskini aliyesimama kwenye baraza ya tajiri. "Bwana, kama una nafasi. Kama si usumbufu. Ikishindikana, basi, nitaelewa."

Alirithi woga huo kwa mama yake. Mwaka 1951, Delphia akiwa na miaka minne, moto ulizuka ndani ya mgodi wa makaa ya mawe wa bonde la Sorrel, huko milimani Kentucky, na wanaume saba wakanasa humo, baba yake mmojawapo. Mama alisimama mlangoni pa mgodi siku saba akiomba hadi sauti ikakauka. Siku ya tatu wakubwa wa mgodi waliamuru mlango uzibwe kwa matofali ili moto ukose hewa. Hakuna aliyetoka. "Usimwombe mambo makubwa, mwanangu," mama alimwambia baadaye. "Utaumia."

Wajane hawakuwa na makaburi ya kulilia, kwa hiyo walijenga kanisa la mbao juu ya mlima ule ule, pale walipokadiria kwamba waume zao wamelala. Delphia alikulia humo, akaolewa humo, na alipofika miaka arobaini na saba ndiye aliyekuwa akilipiga deki kila Jumatano.

Jumatano moja ya Oktoba, saa nane mchana, alikuwa amepiga magoti na tambara mkononi aliposikia kugongwa. Ngo, ngo, ngo. Alidhani mtu yuko mlangoni, akasema, "Pita, pamefunguliwa." Hakuna aliyepita. Iligongwa tena, na safari hii maji ya ndoo yalitikisika, yakafanya duara juu ya duara. Mgongaji alikuwa chini ya magoti yake.

Kila mtu wa Sorrel anajua maana ya kugonga mara tatu. Mchimbaji aliyenaswa hugonga hivyo kwenye mwamba, kisha hunyamaza ili asikie kama waliopo juu wamemjibu.

Delphia alimwendea Ndugu Harlis, mchungaji wao, aliyekuwa akiendesha basi la shule siku za kazi. Harlis alikuja, akalaza sikio sakafuni, akasikia. Mtaalamu wa migodi aliletwa na vyombo vyake. Akasema ni maji kwenye mabomba ya zamani. Walipomwambia kwamba mgodi ule haukuwahi kuwa na mabomba upande huo, alifunga vyombo akaondoka kabla hata hajanywa kahawa aliyotengewa.

Watu wakaanza kukaa karibu na mlango. Dada Ruby Napier, mpiga piano, alipiga nyimbo zote mbiombio. "Nikishukiwa na woga katikati ya wimbo," alimwambia mchungaji, "usinitafute. Nitakuwa nimefika kwetu." Mbwa wa Harlis, aliyezoea kulala chini ya mimbari, hakukubali tena kuvuka kizingiti.

"Nimeomba iache, haiachi," Delphia alimwambia mchungaji.

"Umeombaje, dada?"

Akamweleza. Harlis alikuna kidevu. "Mwanangu angeniomba mkate hivyo, ningejiuliza nimemkosea nini. Mungu ni baba yako, Delphia. Mwambie unachotaka, halafu kaa umsikilize."

Jumatano iliyofuata alipiga deki hadi katikati ya kanisa, ngo, ngo, ngo zikaanza. Hakukimbia. Alikaa kwenye benchi la mbele, akafumba macho.

"Baba, ni Delphia. Anayegonga unamjua, mimi simjui. Kama kuna jambo unalitaka kwangu, nionyeshe leo. Sitoki hapa mpaka unionyeshe."

Alishtuka kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Sakafu ilinyamaza papo hapo. Alipofumbua macho, mzee mmoja alikuwa amesimama nje ya dirisha, kofia mkononi, mvua ikimchuruzika usoni.

Alikuwa Ansel Tackett wa ng'ambo ya kijito, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani. Hata mkewe alipoagwa humo, aliaga akiwa nje.

"Wameacha?" Ansel aliuliza.

"Unawasikia kutoka kwako, Mzee Ansel?"

"Miaka arobaini na mitatu, binti yangu. Nyie mmeanza juzi."

Delphia alimfungulia. Ansel hakuingia, alizungumza akiwa pale kizingitini. Alikuwa na miaka ishirini na mbili wakubwa wa mgodi walipompa mwiko na saruji azibe mlango. Matofali yalikuwa yamefika kifuani aliposikia kugongwa kutoka ndani. Alimtazama msimamizi, na msimamizi akatazama pembeni. Ansel akaendelea kujenga.

"Nilijiambia ni mwamba unaopasuka kwa joto," alisema. "Nilijua si mwamba."

Delphia alivaa koti lake akaondoka, sakafu nusu imelowa, mlango wazi.

Kwa siku tisa aliwaza jambo moja tu. Mama yake alikuwa mita chache tu kutoka kwenye ukuta ule, anaomba, na ndani mtu anagonga. Siku ya tisa aliomba akiwa jikoni, mikono ikiwa ndani ya unga wa mahindi. "Baba, unataka nimsamehe. Sina msamaha. Nimetafuta, sina hata chembe. Nipe wako, na nitakwenda kwake kesho kana kwamba umeshanipa."

Akaenda, moyo ukiwa mzito vile vile, hadi alipoingia chumbani kwa Ansel. Magodoro yalikuwa yamegongomelewa misumari kwenye kuta. Miguu ya kitanda ilikuwa imetumbukizwa kwenye makopo ya mchanga ili mtikisiko usipande hadi kwa mlalaji. Mzee alikuwa amejizika mwenyewe. Ndipo Delphia alipoanza kulia, na hakumlilia baba yake peke yake.

"Njoo Jumapili," alimwambia. "Utakaa na mimi."

Ansel alikuja. Alisimama mbele ya watu wote akasema alichokifanya, kisha akataja majina ya wale saba, taratibu, akimalizia na Everett Combs, baba yake Delphia. Baadhi ya watu walikuwa wamenyanyua miguu kutoka sakafuni. Delphia alimshika mzee mkono, akaomba kwa sauti ambayo hawakuijua, akimwambia Mungu awapokee wale saba na amwachilie huyu mmoja.

Aliposema amina, walisikia nyayo chini yao. Hazikuwa nyayo za mtu mmoja. Zilitoka chini ya mimbari, zikapita chini ya mabenchi, zikateremka na mlima kuelekea ulipo mlango uliozibwa, bila haraka, kama watu waliomaliza zamu. Kisha kimya. Dada Ruby, mikono kwenye piano, hakuweza kubonyeza hata noti moja.

Ndugu Harlis alipoulizwa baadaye, alisema, "Sijui zilikuwa nini. Nilizisikia, na siwezi kusema sikuzisikia." Kugonga hakukurudi.

Ansel aliishi miaka miwili zaidi, na Delphia ndiye aliyempelekea maharage na mkate wa mahindi. Watu wa bonde walianza kumletea Delphia mahitaji yao ayaombee. Mengine yalijibiwa, mengine hayakujibiwa. Binti wa jirani aliyeugua figo alifariki mwezi Machi, ingawa Delphia alimwombea kila siku, bila "kama" hata moja.

"Sasa utamwambia nini Mungu?" mama wa binti alimuuliza makaburini.

"Nitamwambia ninaumia, na wewe unaumia," Delphia alisema. "Halafu nitamwomba asikuache."

Wakashikana mikono, wakaanza kuteremka.