Akiomba Maji, Tuondoke

Walikubaliana nyumbani kabla hata ya kufunga mlango. Gari likiwa zima, Spana aseme liko safi. Likiwa bovu, aombe maji ya kunywa, nao wataaga kistaarabu bila kugombana na mwenye gari.

"Usianze kunipigia hadithi mbele ya watu," Mkunga alimwambia mdogo wake. "Maji tu."

"Maji tu, dada. Kwani mimi mtoto?"

Angekuwa mtoto ingekuwa nafuu, jamani! Spana alikuwa fundi magari hodari, mtaa mzima unamjua, ila akionyeshwa cha juu mate yanamtoka. Ndiye aliyemnunulia dada yake jenereta ya zahanati, akala njama na muuzaji, ikazimika Mkunga akiwa na pacha mmoja mkononi na mwingine njiani. Kazi ile aliimaliza tochi ikiwa mdomoni. Spana alilia, mama yao akamwombea msamaha, yakaisha. Yaliisha mdomoni angalau. Ya moyoni mwa Mkunga tuyaache.

Sasa alitaka gari, na hakulitaka kwa ajili ya kuringia. Mvua zilizopita, teksi ya kukodi ilikwama kwenye mlima wa kwenda zahanati, tumbo limelalia mawe, ndani kuna mama ana uchungu. Alijifungulia kwenye kiti cha nyuma. Mama alipona, mtoto hakulia. Tangu siku hiyo Mkunga alijibana mpaka wenzake wakamwita mkono wa birika, naye akawaacha waite. Alitaka gari la juu, la ukubwa wa kadiri, linalovuta kwa magurudumu yote manne na ambalo mgonjwa anaweza kulazwa nyuma. Akiba yake ilitosha gari moja tu. Akiuziwa kimeo, basi tena, mlima ule utaendelea kuwafanya wajawazito unavyotaka.

Na gari lenyewe hilo hapo, limeegeshwa uani kwa mwenyewe, limeoshwa hadi ndani ya matairi. Bei yake ilikuwa chini ya magari yote aliyowahi kuulizia. Ilikuwa chini kiasi cha kumkosesha mtu raha.

"Nasafiri, mama, ndiyo maana naliachia," alisema mwenye gari, tabasamu halimtoki. "Na kuna mtu mwingine anakuja mchana huu na hela yake mkononi. Mimi nimekupa wewe nafasi ya kwanza kwa heshima tu."

Heshima! Mkunga akaikumbatia pochi yake.

Spana alifungua boneti, akawasha injini, akaisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akajilaza chini, ikabaki miguu tu nje. Alikaa huko hadi Mkunga akachoka kukaa akasimama, akachoka kusimama akakaa. Alipotoka, uso ulikuwa umekunjamana. Akafungua mdomo aseme.

"Fundi, hebu njoo uone na huku nyuma," mwenye gari akamuwahi, mkono begani.

Mkunga aliviona vichwa viwili kupitia vioo vya gari, vimeinamiana kama vya wanafunzi wanaoibiana majibu. Waliporudi, uso wa Spana ulikuwa umekunjuka na mkono umezama mfukoni.

"Enhe?" dada akauliza.

"Liko safi." Alisema hayo akilitazama tairi.

Jua lilikuwa utosini. Jasho lilimtiririka Spana hadi kwenye kola, midomo imemkauka, anailambalamba.

"Huna kiu, mdogo wangu?"

"Sina."

"Jua lote hili?"

"Sina kiu, dada, nimeshasema!"

Mwenye gari akacheka. "Mwache fundi wa watu. Tuandikishane mkataba, mama."

Roho ya Mkunga ikawa juu juu. Aondoke? Na kama gari ni zima kweli, na yeye anamdhania nduguye vibaya kwa kosa ambalo alikwisha kulilia? Bei kama ile hataiona tena, na msimu wa mvua ulishakaribia. Anunue? Alimtazama Spana, na Spana akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Mkunga akafungua pochi. Macho ya mwenye gari yakaingia humo humo.

"Nalichukua," alisema. "Ila njoo hapa kwanza, Spana. Wifi yangu ameingia mwezi wake wa kujifungua. Uchungu ukimwanza, nitamlaza humu nyuma, na dereva utakuwa wewe. Mlima wetu unaujua. Niambie tu kama tutafika."

Spana alikitazama kiti cha nyuma. Akajaribu kumeza mate, hayakuwepo.

"Dada," alisema, sauti haitoki vizuri. "Naomba maji."

"Maji tu, fundi? Hata soda baridi ipo!" Mwenye gari akakimbilia ndani kwa furaha, akiitisha glasi na kalamu kwa pamoja.

Mkunga akaifunga pochi. Spana akatoa noti mfukoni, akaziweka juu ya boneti.

"Limekatwa katikati likaungwa," alisema polepole. "Na pale walipochomelea pameanza kuachia. Mlimani lingetumwaga."

Mkunga alishukuru moyoni, tena sana.

"Kumbe mkeo ndiye asipande," alisema. "Mimi ungeniacha nipande, eti?"

Mwenye gari akatoka na glasi, tabasamu lake likaziona zile noti, likazimika. Spana aliipokea glasi kwa mikono miwili, akaiweka kando ya noti bila kunywa. Dada yake alikuwa ameshafungua geti, na safari hii hakugeuka kumwita.