Mikono ya Adolfu

Emerensiana alinunua kamera yake ya kwanza ya video mwaka 1996, kwa mfanyabiashara aliyeshuka bandari ya Kasanga akitokea Zambia. Kwa miaka saba alirekodi harusi na komunio za kwanza. Kazi ilimlisha, ila ilimchosha.

Mwaka 2003 mfugaji mmoja, mzee Masanja, alimfuata nyumbani kwake Chanji, mjini Sumbawanga. Alitaka arekodiwe, mkanda utumwe Kanada kwa mkuu wa chuo aliyeahidi kumsomesha uuguzi binti yake, Rahel.

"Ng'ombe kumi na wanne wameshakwenda kwenye ada," alisema mbele ya kamera. "Uso wangu ndio huu. Nijibu."

Barua za chuo zilikuja kwa intaneti, zikachapwa kwenye karatasi. Masanja hakujua kusoma. Alisomewa na Adolfu, mhudumu wa kibanda cha intaneti pale Mazwi, ambaye pia ndiye aliyepokea ada na kusema ameituma. Emerensiana aliziomba zile karatasi. Moja iliomba radhi kwa kuchelewa: umeme ulikatika siku tatu huko Kanada. Siku zilezile Sumbawanga nzima ilikuwa gizani.

Hakwenda polisi. Alikwenda kwa Adolfu na kamera. Kijana alikubali kuongea, mradi ionekane mikono tu.

"Dada, mimi simwingizii mtu mkono mfukoni," alisema huku akichapa. "Namwandikia anachotaka kusikia. Wengine wanalia kwa furaha, ujue."

Filamu ya Emerensiana ilionyeshwa kwenye ukumbi wa parokia. Masanja, aliyealikwa kama wageni wengine, alikaa mbele na Rahel, akitaniana na jirani zake. Sauti ya Adolfu ilipoanza, alisimama.

"Huyo ndiye anayenisomea," alisema, akakaa.

Adolfu alikamatwa wiki hiyo, akafungwa miaka mitatu. Ng'ombe hawakurudi. Mkanda ulibaki mahakamani kama kielelezo.

Emerensiana alikwenda kumwona mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulijua, binti yangu. Mbona hukuniambia hapa nyumbani, mpaka nikajue mbele za watu?"

 Emerensiana aliona aibu, akaaga mapema.

Baadaye alitengeneza filamu nyingine nne kuhusu utapeli wa barua pepe. Kila moja aliipeleka kwanza kwa waliotapeliwa, akaiwasha kwenye televisheni ndogo ya betri ya gari. Familia mbili zilikataa, na mikanda hiyo hakuionyesha popote.