Mwanamisi Aliyefanywa Bubu

Kabla ya kiharusi, Waislamu wa Albertville, Kongo, hawakuoza binti bila kumwita Mwanamisi amfunde. Ulimi wake ulikuwa asali na pilipili. Mwari alilia, akacheka, akaenda kwa mumewe akijua lililo mbele.

Mwaka wa 1951, akipepeta mchele uani, alianguka. Siku tisa hakusema. Ya kumi mdomo ulifunguka, lakini sauti haikuwa yake. R aliikwaruza kooni, na mwisho wa kila neno akapandisha sauti, kama masista wazungu wanavyokisema Kiswahili. Maneno yalikuwa sahihi, akili nzima. Daktari alisema ubongo umeumia, basi.

Mtaa haukusadiki. Wengine walisema anajidai, wengine pepo la kizungu. Wauza samaki wa ndagala sokoni walimwiga akipita. Wari wakapelekwa kwa wifi yake, Mwavita.

Miaka miwili baadaye, Zaituni, binti wa pekee wa Mwanamisi, akaposwa na watu wa Nyunzu. Siku ya ndoa, wageni wakiwa bado kwenye treni, Ramazani, mume wa Mwanamisi, alimwita mkewe pembeni.

"Mama Zaituni, leo unyamaze. Watazani tunawacheka."

"Ni mutoto wangu, Ramazani."

"Yeye mwenyewe njo ameomba."

Mwanamisi akamtazama Zaituni, aliyekuwa akisukwa nywele mlangoni. Binti hakuinua uso.

Basi akajifunga kitenge, akaketi mkekani, kimya. Mwavita ndiye aliyemfunda mwari, akiruka nusu ya mambo. Mwanamisi alisikia yote kupitia ukuta.

Wakati wa kuagana, mama wa bwana harusi, mtu mwema, alimshika mikono. Akamwonyesha Zaituni, akagusa kifua chake mwenyewe, akaelekeza kidole mbinguni, huku midomo ikicheza bila sauti.

Hapo Mwanamisi akafahamu: watu hawa waliambiwa kwamba yeye ni bubu. Akamgeukia Zaituni. Zaituni alikuwa ameinamia sanduku, akikaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Maneno yalimjaa mdomoni. Angeyasema, aibu ingekuwa ya binti. Akayameza. Akaweka mkono kifuani, naye akaelekeza kidole mbinguni.

Zaituni alizaa wawili huko Nyunzu. Kila Mwanamisi alipokwenda kuwaona alikwenda bubu, na wajukuu wakajifunza kumwamkia nyanya yao kwa vidole.